Bei ya Bati na Ufadhili Mbaya: Murabaha Katika Uchumi wa Punia

Ufadhili mbaya, yaani fedha za benki ambazo mteja amepitisha siku 90 bila kuzilipa, huelezwa mara nyingi kwa tabia ya mdaiwa, ilhali katika eneo linalotegemea bidhaa moja chanzo chake huwa mbali kabisa na uwezo wake. Punia, katika jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni eneo la namna hiyo, kwa kuwa biashara yake imeegemea kasiteriti, mawe yanayoyeyushwa kupata bati, ambayo bei yake hufuata soko la London. Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati lilipoishiwa fedha za kuitegemeza bei, mauzo katika soko hilo yalisimamishwa, bei ikaporomoka, na kampuni ya SOMINKI, iliyochimba Maniema na Kivu, haikuinuka tena.

Pigo jingine lilitoka serikalini: Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, amri iliyodumu hadi Machi 2011. Na ichukuliwe kwamba mchuuzi wa Punia alikuwa amepata pikipiki kwa murabaha, mkataba ambao benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa gharama yake pamoja na faida iliyotajwa wazi, naye akalipa kwa awamu. Miezi hiyo 6 ni mara mbili ya muda unaoligeuza deni kuwa bovu, ingawa mchuuzi hakufuja hata faranga moja. Benki ya riba ingemwongezea riba ya kuchelewa. Benki ya Kiislamu hairuhusiwi kupandisha bei iliyokwisha kukubaliwa, na Qurani (2:280) inaagiza mwenye dhiki apewe muhula. Haki hiyo ni kubwa na haifai kupunguzwa, lakini gharama yake huangukia benki na wenye akaunti za mudaraba, ambao hugawana nayo faida inayopatikana.

Murabaha humfaa mwenye mshahara wa kila mwezi, mfano wa baadhi ya wateja wa Gulf African Bank ya Kenya au Amana Bank ya Tanzania. Kwa mapato yanayopanda na kushuka na bati, inafaa zaidi musharaka, ubia ambao kila upande hubeba hasara kwa kadiri ya mtaji wake, ijapokuwa unadai hesabu safi na usimamizi wa karibu. Benki itakayofika Punia ianze na ubia huo, na itenge akiba ya hasara mara bei ya bati inapoyumba, kabla siku 90 hazijatimia.