Rasimu Zilizotupwa

Mtu anapoisifu nyumba husifu kuta, paa na madirisha yake. Ni nadra kumsikia akiisifu kamba ambayo mwashi aliifunga juu ya vigingi ili apime msingi, kwa kuwa nyumba ikiisha kamba hukunjwa na vigingi hung'olewa. Kazi nyingi za akili ya mwanadamu zina hali hiyo. Shairi lina maneno yaliyokatwa, na ramani ina mistari iliyofutwa. Katika insha hii, msomaji, natuzitazame rasimu za kazi moja ipendwayo sana na vijana wa zama hizi, nayo ni michezo ya kompyuta. Tuzitazame kwa jicho la mhakiki, tukiuliza ni kipi ndani yake kistahilicho sifa na ni kipi kistahilicho lawama.

Katika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi yenye watu wengi na nafasi chache, viko vibanda vyenye televisheni na mashine za michezo, ambamo vijana hulipa shilingi chache na kucheza kwa zamu. Aghalabu huchezwa mpira wa miguu. Mchezaji aliyekalia benchi huona kazi iliyokwisha kukamilika: nyasi za kijani, jezi safi, na mashabiki wanaopiga kelele. Ni rahisi adhani kwamba kazi ile ilitoka nzima katika mashine, kama embe litokavyo mtini. Haoni karatasi zilizochanwa wala miezi iliyopotea, na asipoziona atasadiki kwamba kutunga mchezo ni karama ya watu wa mbali. Imani hiyo si ya kweli. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa mchezo uitwao The Adventures of Nyangi, na mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo jiji la Nairobi limevamiwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Watungaji wapo hapa petu. Tusichokijua vema ni namna ya kusoma kazi yao kabla haijakamilika.

Basi, kwanza tutofautishe mambo mawili. Mchezo unapoanza kubuniwa, mchoraji huchora kwa kalamu au kwa mashine sura za mashujaa, miji na silaha. Shujaa mmoja huweza kuchorwa mara ishirini, akiwa mrefu, mfupi, mnene au mwembamba. Huu ni mchoro wa awali, nao hujibu swali hili: jambo hili litaonekanaje? Wakati huo huo watunga programu hutengeneza mchezo mkavu usio na pambo. Mtu ni kijisanduku, ukuta ni mstari, na mlima ni ngazi tatu za kijivu. Hili ni jaribio, nalo hujibu swali jingine: jambo hili litachezekaje? Mhakiki asiyeyatenganisha maswali haya atapotea. Mchoro waweza kuwa mzuri kupita kiasi ilhali mchezo wenyewe unachosha. Jaribio nalo laweza kuwa baya machoni, lakini kijisanduku chake kikiruka, mchezaji hutabasamu na kutaka kuruka tena.

Ziko rasimu zijulikanazo duniani ambazo zitatusaidia kupima. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitaka kutengeneza mchezo juu ya Popeye, baharia wa vikatuni. Ruhusa haikupatikana. Mchoraji kijana, Shigeru Miyamoto, hakuitupa hadithi yake. Aliwaondoa watu wake na kuwaweka wengine. Pahali pa baharia aliweka fundi seremala, pahali pa adui yake aliweka sokwe, na bibi aliyegombewa akawa bibi mwingine. Mchezo huo, Donkey Kong, ulitoka mwaka 1981, na yule seremala ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Mario. Hapa twajifunza kwamba mifupa ya kazi si nyama yake. Mtu aliyeijua mifupa ya hadithi yake huweza kuivika nyama mpya.

Kampuni ya Capcom, pia ya Japani, ilianza jaribio la mchezo wa nne katika mfululizo wake wa kutisha uitwao Resident Evil. Jaribio lile likatoka na mbio na upanga kiasi cha kusahau hofu. Kama kusudi lilikuwa kutisha, lilikosa. Lakini kama kazi peke yake, lilikuwa na uhai. Waliokuwa na kazi ile walilipa jina jingine, likatoka mwaka 2001 kama Devil May Cry. Tena uko mchezo wa Star Fox 2, uliotengenezwa katika miaka ya 1990, ukawekwa kando na wenyewe, na kutolewa kwa watu mwaka 2017. Mchezo huu haukukosa ufundi. Wakati ndio uliompita mtungaji wake. Mhakiki mwadilifu hana budi kupambanua: kazi iliyoachwa kwa sababu ni mbovu si sawa na iliyoachwa kwa sababu haikufaa kusudi, wala si sawa na iliyoachwa kwa sababu soko limebadilika.

Tukitaka mfano ulio karibu zaidi, tumtazame mtoto wa Kawangware anayeunda gari la waya. Gari la kwanza hupinda upande mmoja. Huendi kulikuta jalalani kesho yake, kwa kuwa waya haupatikani bure. Mtoto hulifungua, huunyosha waya ule ule, na hulijenga gari la pili kwa mwili wa la kwanza. Mtunga programu mwerevu hutenda hivyo hivyo. Mwaka 2009 Markus Persson wa Uswidi alikuwa na jaribio aliloliita RubyDung, ambalo hakulimaliza. Alipoanza mchezo mwingine, aliichukua programu ya jaribio lile na kuitumia tena. Mchezo huo mpya, alioupa kwanza jina la mchezo wa mapango, ndio ulioitwa Minecraft, wenye ulimwengu uliojengwa kwa vipande vya mraba kama matofali. Hata adui ajulikanaye sana katika mchezo ule alizaliwa kwa kosa: Persson alipotaka kuumba nguruwe alibadilisha tarakimu za urefu na kimo, akatoka mnyama aliyesimama wima juu ya miguu minne mifupi. Angaliweza kumfuta. Alimtazama, akamwona anatisha, akambakiza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimeutaja mchezo huu kwa sababu rasimu zake zimefika Kibera, na huko ndiko tutakapoona kwamba kuhakiki rasimu si anasa ya watu wenye nafasi. Kwa miaka mingi Kibera ilikuwa karibu doa tupu katika ramani rasmi, ingawa ilijaa watu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, katika mradi uitwao Map Kibera, walipita vijijini mwao wakiwa na vyombo vya kupima mahali kwa setilaiti, wakaandika ziliko njia, shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji. Mwaka 2012 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, lilishirikiana na Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, kuanzisha mpango uitwao Block by Block. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kujaribu mpango huo, na kilichokusudiwa kutengenezwa kilikuwa uwanja wa michezo. Utaratibu wa mpango huu ni kwamba wakazi hutembea kwanza mahali penyewe, kisha huketi kwa makundi mbele ya kompyuta na kujenga kwa vipande vya mchezo uwanja wanaoutaka. Baadaye huonyeshana, hujadiliana, na kuwakabidhi wasanifu wa majengo mambo waliyokubaliana.

Tuihakiki sasa rasimu ya namna hii. Sifa yake ya kwanza ni kwamba husomeka na kila mtu. Ramani ya msanifu ina mistari na alama ambazo mama muuza mboga hakufundishwa, na mtu asiyeweza kuusoma mchoro hawezi kuupinga. Lakini katika mchezo ule kipande kimoja ni kama meta moja kila upande, na mtazamaji hutembea ndani yake kama atembeavyo njiani. Huona mwenyewe kwamba ukuta utaziba njia ya wanafunzi, au kwamba taa imewekwa mbali na mahali penye giza. Sifa ya pili ni kwamba kufuta hakugharimu kitu. Benchi huondolewa kwa kidole na kuwekwa pengine, na kijana apate kubishana na mzee bila hasara kwa yeyote. Rasimu bora ni ile inayomruhusu mtu mnyonge kusema hapana mapema.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Katika Minecraft, maji yakimwagwa juu ya sakafu tambarare husambaa vipande saba, kisha hukoma. Kibera imelala juu ya miteremko inayoshuka kuelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Mvua ya masika inyeshapo, maji yake hayahesabu vipande saba. Hupita mlangoni mwa mtu na kuchukua udongo, takataka na viatu. Tena katika mchezo ule ukiondoa nguzo ya nyumba, nyumba hubaki inaelea hewani, kwa kuwa karibu vipande vyote, isipokuwa mchanga na changarawe na vichache vya namna hiyo, havina uzito. Katika dunia yetu kila kitu kina uzito. Kwa hiyo uwanja uliochorwa humo waweza kupendeza sana, hali haukuulizwa swali lililo kubwa kuliko yote: maji yatakwenda wapi? Hili si kosa la vijana waliochora. Ni kasoro ya kalamu waliyopewa, na mhakiki lazima aijue kalamu kabla ya kuuhukumu mkono.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Katika skrini ardhi huanza ikiwa tupu, au hufanywa tupu kwa dakika moja. Katika Kibera hakuna ardhi tupu. Kila meta ina kibanda, kamba ya nguo, au mtu anayekaanga samaki. Tarehe 23 Julai mwaka 2018, mabuldoza yalibomoa nyumba na shule huko Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Barabara ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Barabara ile nayo ilikuwa mstari katika mchoro kabla haijawa lami. Sisemi kwamba jiji lisijenge barabara. Nasema kwamba mstari huo ulipokuwa bado wino ungeweza kusogezwa kwa nguvu ya mkono mmoja, na ulipokuwa tayari buldoza haukuweza kusogezwa hata kwa machozi ya mtaa mzima. Hii ndiyo sababu nakutaka, msomaji, uipe rasimu heshima. Wakati wa rasimu ndio wakati wa pekee ambapo hoja ya mtoto wa shule ina uzito karibu sawa na fedha.

Kuna makosa mawili ya hukumu ambayo wasomaji wa rasimu huyaangukia. La kwanza ni kuipenda rasimu kuliko kazi iliyokamilika. Watu huona mchoro wa mchezo usiotoka kamwe, wakalia kwamba ungalikuwa bora kuliko yote. Rasimu haijawahi kuchezwa na mtu aliyechoka, wala haijapata lawama ya mnunuzi. Uzuri wake ni ahadi, na ahadi haipimwi kwa mizani ya tendo. Kosa la pili ni kuidharau, kwa kudhani kwamba kilichotupwa kilikuwa takataka. Tumeona kwamba RubyDung imo ndani ya Minecraft kama waya wa gari la kwanza ulivyomo ndani ya gari la pili. Mhakiki husimama kati ya makosa haya. Huiuliza rasimu ilikuwa inatafuta jibu la swali gani, huangalia kama jibu lilipatikana, kisha hutazama jibu hilo lilikwenda wapi.

Ziko pia sababu za kuzitunza. Mchezo ulioachwa hukaa ndani ya kompyuta, na kompyuta huibwa, huungua, au huuzwa vipande vipande. Kazi ya miaka miwili huweza kupotea jioni moja. Mfinyanzi wa kale alituachia vigae, na kwa vigae hivyo wataalamu husoma mambo ya miji ya pwani yetu iliyokufa. Mtunga programu asiyenakili kazi yake hawaachii wajukuu hata kigae.

Basi wewe unayesoma kurasa hizi, huenda unachora shujaa nyuma ya daftari la hesabu, au unajaribu programu katika kompyuta ya shule pamoja na wenzako. Usiuchane mchoro wa kwanza kwa kuwa wa pili umeushinda. Andika tarehe pembeni, na chini yake uandike kwa sentensi moja sababu ya kuuacha. Sentensi hiyo ni uhakiki wako wa kwanza. Na siku watu watakapokuja mtaani kwenu wakiwa na mchoro wa uwanja, soko au barabara, usiridhike kuambiwa kwamba unapendeza. Waulize maji yatakwenda wapi, na aliyekalia meta ile atakwenda wapi. Uwaulize mapema, wakati mstari ungali wino.