Nanga na Wasikilizaji Wake

Wataalamu wa fasihi wamebishana muda mrefu kama Afrika inazo tendi za kishujaa au hainazo. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alionyesha shaka kubwa. Mwaka 1983 M. M. Mulokozi akaleta ushahidi wa wapiga nanga wa nchi zetu hizi za magharibi ya Ziwa, akauliza kama hao nao si watunzi wa tendi. Hoja zake ni nzito, nami nakubaliana nazo. Ila naona wengi wanaoufuata ubishi ule hushika urefu wa utungo na sifa za shujaa wake, wakaliacha jambo ambalo kwetu sisi walimu ni kubwa zaidi, yaani: utungo huo hutungwa mbele ya nani?

Na tuanze na chombo chenyewe. Nanga ni mti uliochongwa mfano wa mtumbwi mdogo, nao uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi katika meno ya ncha zake mbili, hata zipatikane nyuzi saba au nane. Sauti yake ni ndogo. Haiwezi kushindana na ngoma, wala haisikiki na watu waliotawanyika uwanjani. Atakaye kuisikia hana budi kuingia nyumbani, kuketi karibu na mpigaji, na kumtazama usoni. Naye mpigaji huwaona wote waliomzunguka, anayesinzia na anayecheka. Yamkini wachongaji wa zamani hawakulikusudia jambo hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Tena visa vyenyewe, kama vya Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha, si vigeni kwa wasikilizaji. Hakuna anayengoja kuambiwa mwisho wake. Lingojewalo ni namna ya kusimulia: leo atarefusha wapi, atamsifu nani, atachomeka fumbo gani la mambo ya juzi. Mwenye kuitikia humtia nguvu. Mwenye kunyamaza humwonya kwamba amechosha. Hayo si ya kwetu peke yetu. Milman Parry, Mmarekani aliyesafiri katika Yugoslavia kati ya miaka 1933 na 1935, aliwakuta waimbaji ambao hawakukariri maneno yaliyokwisha kupangwa, bali walitunga papo hapo wakiimba. Na mwanafunzi wake Albert Lord, katika kitabu cha mwaka 1960, alieleza jinsi wimbo ulivyorefuka au kufupika kwa kadiri ya subira ya watu waliokaa katika nyumba za kahawa.

Katika hadithi za kawaida sheria hii ni wazi zaidi. Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya, jirani na ndugu wa Wanyambo, alikichapa kitabu chake mwaka 1980, akakipa jina kutokana na jibu la wasikilizaji, ambao humwambia msimulizi aone ili nao wapate kuona. Nalipenda sana jibu hilo. Msimulizi hapewi ruhusa ya kusema tu. Apewa kazi ya kuona kwa niaba ya wenziwe, nao wamekaa pale kumdai.

Karagwe ina shahidi wa zamani kidogo. Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Speke akaenda zake Uganda mwezi wa Januari, bali Grant, kwa ubaya wa mguu wake, alibaki hata Aprili 1862. Ndiye, katika kitabu chake cha mwaka 1864, aliyeandika habari za muziki wa nchi hii, na nanga miongoni mwake. Mguu ule ulimfanya aketi, na aketiye husikia mengi kuliko apitaye.

Sasa niseme ninachokilaumu. Hugh Tracey alipozuru Tanganyika mwaka 1950 alinasa nanga za Wahaya, na kazi yake twaishukuru. Lakini upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika chache tu, na kisa cha nanga chaweza kushika saa nzima na zaidi. Siku hizi simu hunasa kisa chote pasipo shida, hata hivyo kasoro ya pili imebaki: kijana akisikiliza peke yake chumbani aweza kuyajua maneno yote, asijue kwa nini mzee alinyamaza kidogo pale katikati. Mzee alikuwa akimtazama mtu. Vivyo hivyo msamiati wa Kinyambo aliouchapa J. M. Rugemalira mwaka 2002 ni hazina, na kila mwalimu wa huku angefaa kuwa nao. Lakini maneno yakihifadhiwa si lazima watunzi wazaliwe.

Watunzi tunao bado katika majigambo, ambayo vitabu vya fasihi huyaita pia vivugo. Zamani mtu aliyasema mbele ya Mukama, mkuki mkononi. Utawala wa jadi ulipoondolewa baada ya uhuru wa 1961, arusi ikawa mahali pake pa kukimbilia. Katika Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hata mwaka 2012, kijana ajigambaye arusini husimama mbele ya watu waliomlea. Hawezi kujiita shujaa wa mambo wasiyoyaamini. Kicheko chao kitamlazimisha kutafuta sifa iliyo yake kweli, labda ng'ombe mmoja, labda shamba la kahawa alilolipalilia mwenyewe, na kuitafutia neno jipya. Hapo ndipo ufundi ulipo. Msema-chochote mwenye kipaza sauti, anayehesabu dakika ili chakula kisipoe, ameuharibu ufundi huo kuliko redio yoyote.

Sisemi kwamba mabaraza yale ya kale yalikuwa ya heri tupu. Rubisi ilizidi mara nyingi, vijana walinyamazishwa, na kujigamba kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Mambo hayo hatuna haja ya kuyarudisha. Lakini tulichoweka mahali pake shuleni ni kwaya: mwalimu hutunga, watoto arobaini hukariri, mgeni wa heshima hupiga makofi, na mwaka ujao maneno hubadilishwa kwa kufuata jina la mgeni mwingine. Watoto wale wameimba vizuri. Hakuna hata mmoja aliyetunga.

Ningependa mashindano yetu yawe na fani moja zaidi. Mtoto apewe kisa ambacho kijiji chote chakijua, aketishwe mkekani katikati ya wazee kwa mama, wasichana kwa wavulana, asimulie kwa Kinyambo au kwa Kiswahili, nao wawe na ruhusa ya kumkatiza, kumwuliza na kumcheka. Najua waamuzi watalalamika. Karatasi zao zina mahali pa sauti, mavazi na nidhamu, wala hazina mahali pa wasikilizaji.