Upweke Ndani ya Kuta: Uhakiki wa Filamu ya Pumzi

Filamu fupi ya Pumzi (2009), iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu, inatupeleka Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Watu wamejifungia katika makazi yaitwayo Maitu. Nje ni jangwa linaloaminika kuwa halina uhai.

Ni rahisi kuutafuta upweke wa Asha, mhusika mkuu, pale anapotembea jangwani. Kwa maoni yangu, upweke huo umeanza mapema, ndani ya kuta. Humo jasho na mkojo husafishwa ili yapatikane maji ya kunywa, watu hufanya mazoezi kwenye mashine ili kuzalisha umeme, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Hata mazungumzo hupitia kwenye kompyuta. Watu wapo hai, lakini hawana wenzao.

Asha anaotesha mbegu katika udongo alioletewa, na Baraza linamnyima ruhusa ya kutoka. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke anayesafisha msalani. Hapo ndipo ninapoiona kasoro: mwanamke huyo anabaki nyuma, na filamu inaendelea na Asha pekee. Mwishoni Asha anaumwagilia mche maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Picha hiyo inagusa moyo, ila inatuaminisha kwamba dunia huokolewa na shujaa mmoja. Bila yule msafishaji, mche usingefika jangwani. Tunapoijadili filamu hii, naye tumhesabu.