Kiambatisho cha saa nane usiku

Ukitaka kumjua fundi wa mifumo aliyeiva, fungua kiambatisho cha barua pepe ambayo mfumo wake huituma wenyewe usiku, yeye akiwa amelala.

Tuseme anakaa Kalangalala, Geita mjini, na analinda mfumo wa malipo. Mji huu una soko lake la dhahabu tangu 2019, na pesa iliyokwama humu ina mtu anayeisubiri. Logi zinapoonyesha miamala inagoma, arifa inaruka. Katika programu kama Splunk, kuambatisha faili la CSV ni kutiki kisanduku tu, na matokeo ya utafutaji yanaingia kama yalivyo. Kazi ya fundi huanza kabla ya kisanduku hicho, kwenye utafutaji wenyewe. Anachagua safu tano kati ya arobaini, anazipa majina ambayo mhasibu anayaelewa, na ile ya kumwambia mtu afanye nini anaitanguliza.

Kisha anarekebisha saa. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Muamala uliogoma saa nane usiku wa tarehe 5 hapa Geita, kwenye logi unasomeka 23:00 ya tarehe 4. Ukiuacha hivyo, mhasibu atafungua vitabu vya siku nyingine kabisa na kuapa kwamba hakuna kitu.

Ninachokipenda zaidi ni safu ya namba za simu. Excel ikifungua CSV huona 07 na kuila sifuri ya mbele. Ukiandika kwa 255, tarakimu ni 12, nayo huzigeuza kuwa 2.56E+11, namba isiyopigika. Fundi anaacha tarakimu nne za mwanzo na tatu za mwisho, katikati anaweka nyota. Kwa kuwa nyota si tarakimu, Excel inaiacha namba kama maandishi na sifuri inabaki. Papo hapo mteja amelindwa, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalidai. Atakayehitaji namba kamili ataifuata ndani ya mfumo kwa nywila yake, akiongozwa na namba ya muamala. Tendo moja dogo, na limetibu mawili!

Uzito nao anaujali. Kwa utaratibu wa MIME uliowekwa mwaka 1992, viambatisho kwa kawaida husafiri vikiwa vimegeuzwa herufi: kila baiti 3 huwa 4. Faili la MB 6 linakula MB 8 za bando la mtu. Ndiyo maana anatuma mistari hamsini ya karibuni, na chini ya barua anaweka kiungo cha iliyobaki.

Nawe unayepanga arifa leo, jitumie kwanza mwenyewe, ukifungue kiambatisho kwa simu, ndipo umwamshe mwenzako.