Msichana Mtoro Katika Vitabu vya Vijana

Wasichana wetu wa madarasa ya juu wameanza kupenda vitabu vya namna moja, vitokavyo Ulaya na Marekani, visimuliavyo zama za kale za wafalme na ngome. Mtu akiisha kusoma viwili vitatu, cha nne aweza kukisimulia kabla hajakifungua. Binti wa mkubwa hudhulumiwa mali yake, hukimbilia mwituni, hujivika nguo za kiume, hujifunza kupiga upinde, na hukaa na watu waliofukuzwa na sheria. Kisha hukutana na mtawa mzee pangoni, ambaye humfundisha kusamehe. Na katika sura ya mwisho adui huanguka, naye binti huolewa. Wazazi wengine wametuuliza kama vitabu hivi vyafaa nyumba za Wakristo. Tumejibu kwamba havina sumu, ila chumvi yake ni haba.

Hatusemi hivyo kwa kuwa twachukia habari za watoro. Daudi alipomkimbia Sauli alikaa katika pango la Adulamu, wakamkusanyikia watu wapata mia nne, wenye dhiki na wenye deni na wenye uchungu moyoni. Na Onesimo, aliyeandikiwa waraka na Paulo kwa bwana wake, alikuwa mtumwa aliyetoroka. Na huku pwani ni nani asiyemjua Fumo Liyongo, aliyewindwa na mfalme wa Pate, akafungwa gerezani, akatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate? Watu humsifu Liyongo kwa nguvu zake. Sisi twamsifu zaidi Saada, yule kijakazi aliyeuchukua mkate huo mbele ya walinzi, naye asitetemeke. Lakini hatujaona kitabu cha vijana kilichoandikwa juu ya Saada.

Basi kwa nini twende mbali, hata misitu ya Uingereza, kumtafuta msichana mtoro? Unguja yetu ilikuwa naye, tena alikuwa mtu wa kweli. Na katika miaka ile ile, katika mji ule ule, alikuwapo msichana wa pili, aliyepita njia iliyo kinyume cha yake. Kila mmoja ana kitabu chake. Tumevisoma vyote viwili tukiwafikiria wanafunzi wetu, nasi twataka kusema wazi tulichokiona.

Wa kwanza ni Seyyida Salme, binti Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake mtumwa wa Kicherkesi. Kitabu chake alikiandika mwenyewe kwa Kijerumani, kikachapwa mwaka 1886, akiwa tayari aitwa Emily Ruete. Mwalimu ye yote akisoma namna alivyojifunza kuandika hawezi kuyapita maneno yale upesi. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Basi yeye alichukua mfupa wa bega la ngamia, akanakili herufi za Msahafu kwa siri, peke yake, hata mkono ukazoea. Na kalamu ile ndiyo iliyomtia mashakani. Baba yake alikufa mwaka 1856. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao Majid, na wale waliokula njama walihitaji mtu wa kuwaandikia nyaraka. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Akawa mwandishi wao. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa nje amefunikwa mavazi ya kike. Katika vitabu vile vya Ulaya msichana huvaa nguo za kiume, na huku kwetu mwanamume ndiye aliyeokoka kwa nguo za mwanamke! Njama ikavunjika kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki mjini, ndugu wengi wakimwepuka.

Baadaye alijuana na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg, jirani yake. Akachukua mimba. Kwa sheria na desturi ya watu wake, jambo hilo lilikuwa la kufisha. Mwezi wa Agosti 1866 aliingia katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alizaa mtoto mwanamume, asiyeishi sana. Na tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaolewa siku ile ile, akaenda Hamburg.

Mtu apendaye hadithi za watoro atafungua kitabu chake akitazamia kusoma habari za usiku ule. Atatahayari. Sura juu ya sura zasimulia majumba, vyakula, nguo, sikukuu, magonjwa na wake za baba yake, lakini kutoroka kwenyewe kwapita kwa maneno machache, na mimba haitajwi. Twaelewa kwa nini: alikuwa mjane, mumewe amekufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, naye ana watoto watatu wa kulea katika mji wa watu wengine. Hatumlaumu kwa kunyamaza. Lakini mwandishi wa leo akitaka kuwasimulia vijana habari zake hawezi kunyamaza vivyo hivyo. Tumesikia watu wakisema kwamba yafaa kuificha mimba, wasichana wasijifunze ubaya. Sisi twakataa. Ukiificha mimba, hofu yake haina sababu, na ubatizo wake na ndoa yake, vilivyofanyika siku moja, havieleweki. Mathayo alipoandika kizazi cha Bwana wetu hakumfuta Tamari wala Rahabu. Msichana wa kijijini aijua hatari hiyo kuliko sisi tunaojifanya kumlinda. Anachokosa ni mtu mzima wa kuzungumza naye bila kumcheka.

Na imani yake? Hapa yatupasa kuwa wakweli, hata kama twapenda kumwita wetu. Kitabu hiki si ushuhuda wa mtu aliyeongoka. Mwenyewe amejihukumu kuwa Mkristo hafifu. Katika barua zake, ambazo zilichapwa baada ya kufa kwake, kwa Kiingereza mwaka 1993, moyo wake waonekana zaidi: upweke wa Hamburg, baridi, na dini mpya aliyoingia kabla hajaifahamu. Wako watakaosema kwamba habari kama hizo zadhoofisha imani ya wasomaji. Sisi twaona zawafaa hasa wale wanaobatiza. Mtu amesimama kanisani katika mji wa ugenini, hajui vema lugha ya ibada, na siku hiyo hiyo ni bibi arusi. Je, ni nani aliyekaa naye mwaka uliofuata kumfundisha?

Lakini kosa kubwa la kitabu chake li mahali pengine, nasi hatutalifunika. Seyyida Salme autetea utumwa. Asema watumwa wa Waarabu hawakuteswa kama Wazungu wasemavyo, na kwamba kuwafungulia kwa haraka kulileta hasara. Ayasema hayo mtu ambaye mama yake mwenyewe alitekwa akiwa mtoto na kutengwa na wazazi wake! Wajakazi wamejaa katika kurasa zake, wakibeba taa, wakipepea, wakinyonyesha, na karibu wote hawana majina. Msomaji wa Mbweni au Mkunazini, ambaye babu yake alifunguliwa katika jahazi, ataifunga sura hiyo kwa uchungu. Na aifunge, lakini kwanza aisome.

Msichana wa pili ni Swema, Myao wa nchi ya ndani. Kitabu chake kilichapwa Paris mwaka 1870, chini ya jina la Monsinyori Gaume, nacho kiliwekwa wakfu kwa wasichana Wakristo wa dunia ya kale na mpya. Basi hiki ndicho kitabu cha vijana cha Kikristo hasa, chenye habari za Unguja. Swema alitwaliwa kwa deni la mama yake. Mama alipoona mtoto achukuliwa, aliomba naye achukuliwe, awe mtumwa, asiachane na mwanawe. Njiani mama aliishiwa nguvu, akaachwa afe. Mtoto alifikishwa Unguja katika jahazi akiwa mgonjwa, na kwa kuwa alidhaniwa hafai tena, alizikwa angali hai. Kijana mmoja wa kisiwa cha Réunion alimsikia, akamfukua, akampeleka kwa masista waliokuja Unguja pamoja na Padre Fava mwaka 1860. Akapona. Baadaye aliletwa hospitalini Mwarabu aliyejeruhiwa, na Swema akamtambua kuwa mmoja wa waliomtesa; akamwuguza, akamsamehe.

Hatujui hadithi iliyobuniwa yenye nguvu kama hii. Lakini tumekisoma kitabu kwa mashaka, nasi twaeleza sababu. Swema hakuandika. Alisimulia, padre akaandika kwa Kifaransa, monsinyori wa mbali akachapa kwa ajili ya wasichana wa Ulaya, watoe sadaka kwa misioni. Kila mkono uliopitisha maneno yale uliacha alama yake. Mtoto wa Kiyao asema kama kitabu cha sala. Msamaha wake waja mahali hasa pafaapo, kama mtawa wa pangoni katika vile vitabu vya upinde na mishale. Hatusemi kwamba hakusamehe. Twasema kwamba tungependa kusikia ulivyomgharimu, usiku alipolala baada ya kufunga kidonda cha mtu yule, kama alimwona mama yake njiani. Kitabu hakituambii hayo. Chakimbilia kumsifu.

Hata hivyo mama yule hakuweza kupambwa na mtu. Amesimama katika kitabu kama jiwe. Kila tulipomsomea mtu habari za Swema, aliuliza habari za mama kwanza.

Kina kitabu cha tatu ambacho twakitaja kwa upesi, maana chaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo: mwaka 1887 Bwana Madan wa misioni ya UMCA alichapa kwa Kiingereza habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe, namna walivyotekwa na kufunguliwa. Mle hamna mapambo mengi. Mtoto asimulia vita, njaa na kuuzwa, kisha anyamaza kama mtoto anyamazavyo. Wasichana wa Mbweni walikuwapo wakati huo huo. Laiti wangepewa kalamu na karatasi vivyo hivyo!

Basi tukiulizwa na mwalimu mwenzetu kama ataka kuandika hadithi ya vijana juu ya mtoro wa Unguja, aanzie wapi, sisi tungempeleka pwani usiku ule wa Agosti. Yasimuliwa kwamba ulikuwa wakati wa Siku ya Mwaka, wanawake waliposhuka kuoga baharini, na Salme alishuka kama wengine, na wajakazi wawili nyuma yake. Mashua ya manowari ikakaribia. Mjakazi mmoja alipoelewa mambo alipiga kelele, akakimbia mjini. Wa pili alishikwa, akatiwa mashuani kwa nguvu pamoja na bibi yake. Katika saa moja, mwanamke mmoja alikuwa akikimbilia uhuru wake, na mwingine, kando yake, alikuwa akitekwa.

Salme alizikwa Hamburg mwaka 1924, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Habari zake zajulikana, na katika Mji Mkongwe wageni huonyeshwa picha zake. Sisi tumemaliza kuvisoma vitabu hivi, nasi bado twamfikiria yule mjakazi wa mashuani, kama alijua kuogelea, na kama kulikuwa na mtu aliyemwambia waenda wapi.