Msalaba Juu ya Nyumba ya Makumbusho

Masomo: Wafilipi 2:5–11, Luka 19:1–10

Sisi Walutheri wa Usambara tuna undugu wa zamani na jiji la Berlin. Chama cha misheni kilichowatuma wamisionari waliofika Mlalo mwaka 1891 kilianzishwa huko mwaka 1886, kabla ya kuhamia Bethel karibu na Bielefeld. Kwa hiyo mmoja wetu anapopata nafasi ya kulitembelea jiji hilo, huenda kama mtu anayekwenda kwa mjomba. Anatazamia kukaribishwa, na kuonyeshwa nyumba.

Makumbusho ya Berlin ni mengi. Hapa tutazungumzia moja tu, Humboldt Forum, kwa sababu paa lake lina mahubiri, na mahubiri tunayo haki ya kuyapima.

Jumba hilo ni nakala ya jumba la wafalme wa Prussia. La kwanza liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalibomoa. Miaka yetu hii limejengwa upya, kuta zake tatu za nje zikifuata sura ya zamani, na mwaka 2020 msalaba ukapandishwa tena juu ya kuba. Kuizunguka kuba kuna utepe wa buluu wenye maandishi ya dhahabu. Maandishi hayo yalitungwa na Mfalme Friedrich Wilhelm IV katika karne ya 19, kwa kuunganisha mistari miwili: ule wa Matendo 4:12, kwamba wokovu haupatikani kwa jina lingine, na ule wa Wafilipi 2:10, kwamba kwa jina la Yesu magoti yote yatapigwa, ya mbinguni, ya duniani na ya chini ya nchi.

Wajerumani wengi walibishana juu ya msalaba ule. Wengine walisema nyumba ya tamaduni zote za dunia haipaswi kuvaa alama ya dini moja. Hoja yetu ni nyingine. Sisi tunaliamini kila neno lililoandikwa pale, na kwa sababu tunaliamini, tunaona kwamba limewekwa vibaya.

Tazameni waliolisema kwanza. Petro alisema maneno yake mbele ya Baraza baada ya kulala usiku kucha korokoroni, na kosa lake lilikuwa kumponya kiwete. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Maneno yote mawili ni ya wafungwa. Mfalme aliyeamini kwamba amepewa kiti chake na Mungu, wala si na raia wake, aliyachukua maneno ya wafungwa akayafanya taji la nyumba yake. Tena alianza na mstari wa 10 akaiacha ya 6 hadi 8, ile inayosema kwamba Kristo hakung'ang'ania ukuu wake, alijishusha, akawa mtumwa, akatii hadi kufa. Paulo haanzi na magoti ya wengine. Anaanza na Bwana aliyeshuka. Ukiondoa kushuka kule, kinachobaki ni amri ya mtawala kwa watu wake.

Sasa tuingie ndani. Makumbusho ya Etnolojia, ambayo maonyesho yake yamo chini ya kuba hiyo, yana vitu zaidi ya 10,000 vilivyotoka nchi iliyo Tanzania leo. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilitekwa vitani. Mwishoni mwa mwaka 2024 yalifunguliwa humo maonyesho juu ya historia ya nchi yetu, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa la Tanzania, na hiyo ni hatua ya kushukuriwa.

Hata hivyo si vitu tu vilivyosafirishwa. Mwaka 2023 Makumbusho ya Serikali ya Berlin yalitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Mafuvu 202 yalihusishwa na Tanzania. Vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa walio hai wa watu watatu kati ya hao, jamaa wa Kichaga. Maana yake kuna familia zinazosali katika sharika za Kilimanjaro ambazo babu yao amekaa kwenye sanduku Berlin zaidi ya miaka mia. Na wazao wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, wamekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Magoti ya chini ya nchi yanatajwa juu ya kuba, na wafu wenyewe walinyimwa udongo.

Neno letu la Kiswahili hapa ni zuri kuliko mengi. Ghala huweka tu. Makumbusho humkumbusha mtu jambo, hata lile ambalo angependa kulisahau. Kwa kipimo hicho nyumba ya Berlin imeanza kustahili jina lake, lakini maandishi ya paani bado yanamkumbusha anayepita kupiga magoti, bila kumkumbusha mwenye nyumba kushuka.

Tunajua jibu linalotolewa, hata na washarika wetu: vingebaki kwetu vingeliwa na mchwa. Kuna ukweli humo, lakini si wote. Watu wa Bulwa ni majirani wa Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Majani na maua mengi ya misitu yetu yalikaushwa na kupelekwa kwenye makumbusho ya mimea ya Dahlem, Berlin. Mwezi Machi 1943 mabomu yalianguka, na sehemu kubwa ya hazina ile ikaungua. Lakini lile ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara bado linachanua kwenye miamba yenye unyevu ya msitu wetu, mradi tusiukate. Hakuna ghala la mwanadamu lisiloungua, na kutunza si sababu ya kutorudisha.

Lakini kidole tulichokinyoosha hakina budi kuturudia. Katika makanisa mengi ya nchi yetu tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba ngoma na vyombo vya wazee ni vya kutupwa, na mara nyingi hatukuuliza kipi ni cha ibada ya mizimu na kipi ni kumbukumbu tu ya ukoo. Vitabu vya ubatizo vya zamani tunaviacha kwenye makabati yanayovujiwa na mvua. Majina ya wamisionari tunayajua. Wainjilisti Washambaa waliotembea milima hii kwa miguu hatuwezi kuwataja hata watano. Nasi pia tunapenda mstari wa 10 kuliko wa 7.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, mahali waliponyongwa mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha. Ni neno jema, na Mkristo halidharau. Lakini Zakayo anatuonyesha hatua inayofuata. Hakuandika jina la Yesu juu ya mlango wake. Alisimama, akahesabu alichonacho, akasema atakachorudisha na kwa nani. Hapo ndipo Bwana alipotamka kwamba wokovu umeingia nyumbani mle.

Basi wageni wa sharika rafiki watakapokuja kutoka Ujerumani, tuwape chai yetu kwa furaha kama siku zote, kisha tuzungumze nao habari hizi waziwazi, kama ndugu wanaogawana urithi. Na kabla hawajafika, tulifungue kabati la usharika, tuvianike vitabu, tuwaulize wazee majina ya wainjilisti wale, tuyaandike. Tukiisha kushuka hivyo sisi wenyewe, tutakuwa na ujasiri wa kumwambia mjomba naye ashuke.