Ganda Lisilotupwa

Risasi moja kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka kuelekea shabaha. Baruti na fataki huungua, kichwa huzama kwenye tuta la udongo, hubaki ganda. Nalo ganda jipya, kwa kawaida, ndilo ghali kuliko hivyo vingine vyote. Wamarekani wanaojaza risasi zao nyumbani, ambao sheria ya shirikisho haiwadai leseni mradi hawafanyi biashara, wameujenga ufundi wao juu ya ganda hilo. Wao husifu kwanza pesa wanazookoa. Mimi nauona ubora wa kazi yao mahali pengine: katika kujua ni wapi pa kuharakisha na ni wapi haraka ni mwiko.

Wasingefika kwenye ufundi huo bila bahati ya kihistoria. Mwaka 1866 Mmarekani Hiram Berdan na Mwingereza Edward Boxer walisajili kila mmoja muundo wake wa fataki. Cha ajabu, Ulaya iliegemea zaidi muundo wa Mmarekani, na Marekani ikaushika wa Mwingereza. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati. Ukipitisha sindano ndani, fataki iliyokwisha hudondoka. La Berdan lina matundu madogo mawili, na kuing'oa fataki yake ni kazi ya kuchokonoa na kulaani. Tundu moja la katikati ndilo lililompa mtu wa kawaida uwezo wa kuifanya kazi hii mezani kwake.

Muda huokolewa kwa mpangilio. Mwenye mashine ya mkono ya hatua moja hamalizi risasi moja ndipo aanze nyingine. Husafisha maganda mia kwa pamoja, huyarudisha yote kwenye kipimo, huyatia yote fataki, na kalibu hubadilishwa mara chache tu. Kwa maganda ya bastola yaliyonyooka, kalibu ya kabidi humwondolea kazi ya kuyapaka mafuta na kuyafuta tena. Lakini ikifika zamu ya baruti, mwendo hubadilika. Bastola nyingi hutumia baruti kidogo mno, hata ganda laweza kumeza kipimo maradufu bila kufurika, na risasi ya namna hiyo yaweza kuipasua bunduki mkononi. Kwa hiyo fundi hufuata majedwali ya watengenezaji wa baruti, huhakiki mizani, huyapanga maganda kwenye kibao chenye matundu na kumulika kila moja kabla ya kuweka kichwa. Redio imezimwa, na mgeni akibisha atangoja.

Wapo wanaosema hesabu ya kuokoa pesa kwa njia hii ni ya kujidanganya, na kwa risasi ya milimita 9 wako sahihi. Viwanda huizalisha kwa wingi hivi kwamba ukijumlisha vifaa na saa za kazi, faida huwa ndogo, pengine haipo. Ila risasi si za aina moja. Chukua .375 H&H iliyotoka London mwaka 1912, au .470 Nitro Express, ambazo wawindaji wa kigeni bado huja nazo Tanzania kufuata nyati. Za dukani ni ghali kiasi kwamba wengi wangekwenda porini bila mazoezi ya kutosha. Hapo kila ganda linalojazwa upya ni pesa halisi. Pingamizi la pili ni kwamba wajazaji hawapunguzi matumizi, bali hufyatua zaidi kwa pesa ileile. Ni kweli, na sioni hasara yake: mlenga shabaha anayefanya mazoezi maradufu kwa gharama ileile amepata alichokitafuta, tena kwa risasi iliyorekebishwa kufuata bunduki yake, jambo ambalo kiwanda kinachohudumia bunduki zote hakiwezi kumfanyia.

Anayefyatua kisanduku kimoja cha milimita 9 kwa mwezi, basi, anunue dukani. Na asiyeweza kukaa saa nzima bila kugusa simu asiiguse baruti, hata kama bunduki yake ni ya nyati.